Karatasi za Kabambare na Kimputu wa Kasongo: Mwanafunzi Mbele ya Habari za Sayansi

Katika semina ya tafsiri ya mwaka wa pili wa lisensi, wanafunzi waliagizwa kuchagua habari za uvumbuzi wa kisayansi zilizotangazwa na redio au magazeti katika lugha za kigeni, kisha kuzieleza kwa Kiswahili. Si kwa ajili ya mwalimu, bali kwa ajili ya mtu wa nyumbani ambaye hakusoma Kifaransa. Wengi walichagua mambo ya mbali: nyota, roketi, mashine zinazosemekana kufikiri. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Kabambare aliyemaliza shule ya sekondari Kasongo, alileta daftari yenye habari tatu, na zote tatu zilikuwa zimepita, kwa njia moja au nyingine, katika kusini ya Maniema. Makala haya yanakusudia kueleza yaliyomo katika daftari hiyo, na hasa mahali pale ambapo lugha ilimkwaza mwandishi wake, kwa kuwa ndipo penye faida kwa wasomaji wa kurasa hizi.

Wino wa zingefuri

Habari ya kwanza ilitangazwa kwa awamu mbili, mwezi wa Julai 2010 na tena mwezi wa Novemba 2011. Ili ieleweke, hapana budi kurudi nyuma kidogo. David Livingstone aliondoka Ujiji mwezi wa Julai 1869, akavuka ziwa Tanganyika, akaingia nchi ya Maniema akitafuta chanzo cha mto Nile. Alidhani kwamba Lualaba ndiyo Nile yenyewe katika sehemu zake za juu. Kosa hilo halikuwa lake peke yake, lakini yeye ndiye aliyelifuata kwa miguu. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alifika mahali ambapo maandishi yake hupaita Bambarre, yaani Kabambare. Alitaka kupita tu. Badala yake, baada ya kujaribu njia hii na ile bila mafanikio, alirudi hapo mwezi wa Julai 1870 akiwa na vidonda vya miguu vilivyomzuia kutembea, akakaa mpaka Februari 1871.

Katika muda huo karatasi zilimwishia, na wino pia. Aliandika juu ya vipande vya namna mbalimbali alivyoweza kupata, na mwaka 1871 aliandika juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869, akiipitisha mistari yake kukatiza ile ya chapa. Kwa wino alitumia maji ya rangi ya mmea wa huko. Miaka ikapita, karatasi ya gazeti ikawa ya kahawia, wino ukafifia, na maandishi ya mkono yakazama chini ya yale ya chapa. Kwa muda wa miaka mia na arobaini hivi, hakuna mtu aliyeweza kuzisoma kurasa hizo kwa ukamilifu.

Kikundi cha wataalamu kilichoongozwa na Adrian Wisnicki, mwalimu wa fasihi katika chuo kikuu huko Marekani, ndicho kilichozifanya zisomeke. Walianza na barua moja iliyoandikwa Kabambare tarehe 5 Februari 1871 kwenda kwa Horace Waller, rafiki wa Livingstone. Hiyo ndiyo iliyotangazwa mwaka 2010. Shajara ya mwaka 1871 ilifuata mwaka uliofuata. Baadhi ya mafundi wa picha waliohusika walikuwa wamekwisha kutumia njia hiyohiyo kusoma maandishi ya Arkimedes, yaliyokuwa yamefutwa na watawa ili ngozi yake iandikwe kitabu cha sala.

Hapa mwanafunzi alikutana na shida yake ya kwanza, yaani kueleza njia yenyewe. Jina la Kifaransa la ufundi huo lilimpa maneno, halikumpa maana. Alijaribu kwanza «upigaji picha wa spektra», akaona kwamba mtu wa nyumbani atabaki palepale alipokuwa. Ndipo akawakumbuka kambisti, wale wabadilishaji wa fedha wanaokaa barabarani na mafurushi ya faranga. Mtu akiwaletea noti ya dola, wengine huitia chini ya taa ndogo yenye mwanga wa zambarau, na alama zisizoonekana kwa jua hujitokeza. Noti haikubadilika, mwanga ndio uliobadilika. Mfano huu ulimfungulia njia, na ni mfano mzuri kuliko mingi iliyomo katika vitabu vya shule.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa mianga mingi. Mengine jicho huiona kama rangi, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Mingine iko nje ya mipaka hiyo miwili, na jicho halina habari nayo, ingawa kamera inaweza kuipokea. Kila wino humeza baadhi ya mianga na kuirudisha mingine. Wino wa kiwanda cha gazeti ulitengenezwa kwa masizi, na masizi humeza karibu kila mwanga, hata ule ulio chini ya wekundu. Wino wa mmea wa Kabambare hauko hivyo: chini ya mwanga huo hupotea kabisa, kana kwamba ukurasa haukuandikwa kamwe. Kwa hiyo ukurasa ukipigwa picha mara nyingi, kila mara kwa mwanga wa namna moja, hupatikana picha yenye gazeti peke yake, na picha nyingine zenye gazeti pamoja na mkono wa Livingstone. Tarakilishi hutoa ile ya kwanza katika zile nyingine. Kinachobaki ni mkono.

Ama kuhusu huo wino, daftari ya mwanafunzi ina kurasa mbili nzima, na ni haki yake. Livingstone aliuita kwa jina alilolisikia, akaliandika kwa tahajia yake: Zingifure. Waandishi wa habari walilinukuu kama neno la kigeni lisilo na kwao. Lakini mtu yeyote aliyezoea kamusi za Kiswahili atalitambua mara moja. Ni zingefuri, rangi nyekundu inayotolewa katika mbegu za mzingefuri, na neno lenyewe limetoka katika lugha ya Kiarabu, ambamo huitwa hivyo jiwe jekundu la kutengenezea rangi. Mti nao asili yake ni Amerika ya kitropiki. Basi katika tone moja la wino huo mna mti uliovuka bahari, jina la Kiarabu lililopitia midomo ya Waswahili, na mkono wa Mskoti mgonjwa, vyote vikikutana katika nchi ya Wabangubangu. Rangi ya zingefuri, kama ajuavyo kila aliyepaka nguo kwayo, haipendi jua; hufifia. Kilichowashinda wasomaji kwa karne moja na nusu, kwa sehemu, ni tabia hiyo ya mbegu.

Mwanafunzi hakuishia hapo. Alizipitia kurasa zilizotangazwa, akatafuta maneno mengine ya namna hiyo. Alipata neno soko, ambalo Livingstone alilitumia kwa mnyama mkubwa wa msituni aliyemdhania kuwa gorila. Wataalamu walisema baadaye kwamba alikuwa akiwaeleza wale ambao Kiswahili sanifu huwaita sokwe. Kwa msomaji wa leo neno hilo linachekesha, kwani soko ni mahali pa kununua na kuuza. Lakini kwa mahali hapo Livingstone alikuwa na neno jingine, chitoka, alilolikuta kando ya Lualaba. Alipata vilevile majina ya watawala wa Bambarre, Moenekuss na wanawe Moenembagg na Moenemgoi, ambamo sikio la mtu wa Maniema husikia bila taabu lile neno mwene, ingawa kalamu ya Kiingereza imelivalisha nguo isiyolifaa. Kwa mtu anayesomea isimu, kurasa hizo ni shahidi adimu wa maneno yaliyotamkwa katika eneo hilo kabla ya shule, kabla ya misheni, na kabla ya Dola Huru ya Kongo.

Chitoka ndilo neno lililomfanya mwanafunzi aache mzaha. Livingstone alifika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwishoni mwa Machi 1871, akapenda sana kulitazama soko la hapo, ambapo wanawake wengi walikuja kuuza samaki, vyungu na vyakula. Tarehe 15 Julai watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walilipiga risasi soko hilo likiwa limejaa. Wengine walikufa kwa risasi, wengine walizama mtoni wakijaribu kukimbia. Makadirio ambayo Livingstone aliyapokea ni watu kati ya mia tatu na mia nne. Habari hiyo, ilipofika Uingereza, ilikuwa mojawapo ya sababu zilizosukuma serikali ya huko kumbana Sultani wa Zanzibar mpaka soko la watumwa la Zanzibar likafungwa mwaka 1873.

Ulimwengu uliisoma habari hiyo katika kitabu cha shajara zake za mwisho, kilichotolewa na Waller mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa. Sasa, kitabu hicho hakikutoka moja kwa moja katika zile karatasi za gazeti. Livingstone mwenyewe alizinakili mwaka 1872, na Waller akazihariri tena. Kurasa zilizofunuliwa mwaka 2011 ndizo za kwanza kabisa, zilizoandikwa siku zilezile. Zinapolinganishwa na nakala, tofauti zinaonekana: maneno makali juu ya watu wa msafara wake yamepunguzwa, mambo mengine yamepangwa upya. Wisnicki ametoa hoja kwamba tofauti hizo zinazusha swali, kama baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe, wale watumwa wa Wahindi waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, hawakuwa na mkono katika vurugu za Nyangwe. Ni swali, si hukumu.

Katika habari zote alizozisoma mwanafunzi, jambo lililojadiliwa ni kama heshima ya Livingstone itapungua au haitapungua. Aliandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba mwanga wa ajabu umezungushwa mara kadhaa juu ya ukurasa ili kuona kama mwandishi alitia chumvi, lakini wale waliokufa wamebaki idadi tu, tena idadi ya kukadiria. Lawama hii inaweza kuonekana kali. Mashine haiwezi kufunua jina ambalo halikuandikwa. Hata hivyo, mwanafunzi alikuwa na hoja nyingine iliyo nzito zaidi: kwamba chanzo cha pili kipo, yaani kumbukumbu za wenyeji, na kwamba hicho nacho kinafifia bila kungoja wino. Wanaakiolojia wa Kongo na wa Ulaya, pamoja na Noemie Arazi, wameanza kazi ya namna hiyo katika Kasongo ya zamani, mji uliokuwa makao ya Tippu Tip, wakiunganisha uchimbaji, nyaraka na masimulizi ya watu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Kabambare haijapata bahati hiyo kwa kiasi hicho.

Mifupa ya pwani

Habari ya pili ilichukua ukurasa mmoja tu wa daftari, na huenda inatosha. Mwezi wa Machi 2023 jarida Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa waandishi walikuwemo Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyezaliwa Kenya, na David Reich, mtaalamu wa urithi. Ilionekana kwamba kwa wengi wa watu hao zaidi ya nusu ya urithi ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama, na kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 uliingia urithi wa Asia, ulioletwa zaidi na wanaume wenye nasaba ya Kiajemi. Baada ya mwaka 1500 Arabuni inaonekana zaidi. Masimulizi ya kale ya Kilwa juu ya Washirazi, ambayo wasomi wengi walikuwa wameyaweka kando kama ngano, yakapata uzito mpya.

Katika mabweni habari hii iligeuka kuwa utani juu ya nani ni Mswahili wa kweli. Mwanafunzi aliukataa utani huo kwa sentensi chache. Makaburi yaliyochunguzwa, alisema, ni ya pwani, na mengi ni ya watu wenye uwezo. Hayasemi neno juu ya Kasongo. Wangwana wa Maniema wa karne ya kumi na tisa walikuwa kwa sehemu kubwa watoto wa nchi: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengineo, walioingia katika ungwana kwa mavazi, kwa jina, kwa sala, na hasa kwa lugha. Kingwana kilisafiri bila mifupa. Anayetaka kukipima Kiswahili cha Kongo kwa kipimo cha damu atapata jibu la swali ambalo halikuulizwa.

Kupe au kimputu?

Habari ya tatu aliisikia redioni, nayo ndiyo iliyomletea aibu, na baada ya aibu faida. Ilihusu vidonge vya ugonjwa wa usingizi, ule uitwao malale katika Kiswahili cha mashariki.

Maniema ya kusini inaufahamu ugonjwa huo tangu zamani. Huletwa na kimelea kidogo kinachopandikizwa mwilini na mbung'o. Mwanzoni huwa homa na maumivu. Baadaye kimelea huingia katika ubongo, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, husema ovyo, na asipotibiwa hufa. Kwa miaka mingi, tangu 1949, dawa ya hatua hiyo ya pili ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Ilidungwa mshipani na kuunguza kama moto, na katika kila wagonjwa mia, watano hivi waliuawa na dawa yenyewe. Mwaka 2009 ulikuja mchanganyiko wa dawa mbili usio na hatari hiyo, ila ulihitaji hospitali, chupa za maji ya kudunga, na wauguzi wa kutosha. Mambo ambayo kijiji kilicho mbali na barabara hakina.

Fexinidazole ni vidonge. Mgonjwa humeza kwa siku kumi, baada ya kula. Uchunguzi mkubwa ulifanywa Kongo na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa wagonjwa 394, ukiongozwa upande wa tiba na Daktari Victor Kande, Mkongo aliyeutumikia mpango wa taifa wa kupambana na ugonjwa huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: waliopona kwa vidonge walikuwa 91 katika mia, na kwa ile dawa ya kudunga 98. Kwa hiyo vidonge havikuishinda dawa ya zamani kwa nguvu. Viliishinda kwa kufika. Jambo hili mwanafunzi alilieleza vizuri, tena vizuri kuliko redio, iliyosema tu kwamba dawa mpya «ni bora zaidi». Kongo iliviidhinisha mwezi wa Desemba 2018. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 walikuwa wameandikishwa duniani. Tangu 2018 hawafiki 1,000 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni wa Kongo.

Akitaka kuonyesha mwanzo wa mambo, mwanafunzi alitafuta ni nani aliyekitambua kimelea hicho katika damu ya mtu. Alipata jina la Joseph Everett Dutton, Mwingereza wa chuo cha tiba za nchi za joto cha Liverpool, aliyekitambua mwishoni mwa 1901 huko Gambia na kukipa jina. Akasoma zaidi. Dutton alitumwa Kongo mwaka 1903, pamoja na John Lancelot Todd wa Kanada, ili wauchunguze ugonjwa wa usingizi. Wakiwa upande wa mashariki walikuta homa nyingine, wakaichunguza nayo, wakaambukizwa wote wawili. Todd alipona. Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905, akiwa kijana wa karibu miaka 30, katika mji wa Kasongo.

Mwanafunzi aliyekaa miaka sita Kasongo hakuwahi kulisikia jina hilo. Aliandika kwa furaha kubwa kwamba mvumbuzi wa kimelea cha malale alikufa katika mji wake «kwa homa inayoletwa na kupe». Kitabu cha Kifaransa kilisema tique, na kamusi ya mfukoni ilisema kupe. Wakati wa likizo alikwenda Kabambare na daftari yake, akamsomea mama yake, kama semina ilivyoagiza. Mama alisikiliza mpaka hapo, akamkatiza: «Hapana, mwana wangu. Kupe iko ya mbuzi na ya imbwa. Ile yenye kulala mu nyumba, yenye kuleta homa, ni kimputu.»

Mama alikuwa na haki. Kupe hung'ang'ania mnyama mchana na usiku, na mtu humwona. Kimputu, ambaye Kiswahili cha pwani na cha bara humwita papasi, ni mwingine. Hana gamba gumu mgongoni. Hujificha mchana katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la sakafu, chini ya mkeka. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, hurudi ufani kabla ya mapambazuko. Aliyeumwa huenda asijue lolote. Anaweza kukaa miaka bila kula. Dutton na Todd waliwaachia papasi wawaume nyani, nyani wakaugua. Tena walionyesha kwamba hata watoto wa papasi waliototolewa katika chombo, ambao hawajamwonja mtu mgonjwa, waliweza kuambukiza, kwa kuwa mama yao aliwarithisha kijidudu katika mayai. Karibu wakati uleule Philip Ross na Milne walikuwa wamefikia jambo hilo la kuumwa huko Uganda, na Robert Koch alilithibitisha mwaka 1905 katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, ambako alimkuta papasi katika vibanda vya njia za misafara. Njia zilizoleta Kiswahili Maniema, basi, hazikuleta lugha peke yake.

Kijidudu chenyewe, chembamba na kilichojisokota kama uzi, kilipewa baadaye jina la Dutton. Homa yake huja kwa siku chache, huondoka kana kwamba imekwisha, kisha hurudi, mara mbili, tatu au zaidi. Sababu ni kwamba kijidudu hubadilisha vazi lake. Mwili unapokwisha kulitambua vazi la kwanza na kuwaua wengi, wachache waliovaa vazi jingine husalia na kuzaana upya. Kimelea cha malale nacho hutumia hila hiyohiyo. Ugonjwa wa kimputu unatibika kwa dawa za kawaida za antibiotiki, lakini sharti utambuliwe, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, hasa mahali pasipo na darubini, au palipo na darubini lakini mtazamaji anatafuta malaria peke yake.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba Dutton na Todd hawakuanzia gizani. Watu wa nchi walikwisha kusema kwamba kuumwa na mdudu huyo kunaleta homa, nao walikuwa na jina lake. Ndiyo kusema, dhana ilikuwapo katika lugha kabla ya uthibitisho kuwapo katika maabara. Nyani wale na darubini ile viliongeza jambo kubwa: sababu, na njia ya urithi katika mayai, ambayo macho matupu yasingeweza kuigundua. Si haki kuipuuza sehemu hiyo, kama wafanyavyo baadhi ya watu wanaopenda kusema kwamba mababu walijua yote. Lakini mfasiri anayeandika kupe anaifuta sehemu ya kwanza, na hilo si kosa la mtindo tu. Anayeambiwa kwamba homa huletwa na kupe atawakagua mbuzi wake. Anayeambiwa kwamba huletwa na kimputu atatazama sakafu, ataziba nyufa za ukuta, atainua kitanda kutoka chini, na akifika kwa muuguzi atataja kwamba nyumba yake ina kimputu. Neno moja huweza kumpeleka mgonjwa kwenye dawa ya malaria wiki tatu mfululizo.

Semina ilipokutana tena, kulikuwa na mabishano. Wengine walitaka papasi, kwa sababu ndilo lililomo katika kamusi na ndilo litakaloeleweka Dodoma kama Kampala. Wengine walitaka kimputu, kwa kuwa tafsiri iliagizwa kwa ajili ya mtu wa nyumbani, na nyumbani ni Kabambare. Mwalimu wa semina alielekea upande wa papasi. Hoja yake ilikuwa kwamba lugha ya kitaaluma ikigawanyika kwa kila eneo haitakuwa ya kitaaluma. Hoja hiyo ina nguvu katika kitabu cha chuo, lakini katika karatasi itakayobandikwa mlangoni mwa kituo cha afya haina. Mwishowe mwanafunzi aliandika «kimputu, ambaye mahali pengine huitwa papasi» mara ya kwanza, na kimputu mara zote zilizobaki. Kwa kimelea cha malale hakupata neno la kumridhisha. Alikiita «kijidudu cha mbung'o», semina ikamwachia.

Alirudi Kabambare na nakala safi mwezi wa Agosti. Mama yake aliisikiliza habari ya karatasi za gazeti bila kusema neno, isipokuwa kwamba aliuliza ni mbegu gani zilizotiwa katika wino. Alipoelezwa, alisema kwamba ule mti bado uko nyuma ya nyumba ya jirani, na kwamba watoto hujipaka mbegu zake midomoni.